Wingu Jeusi Lina Furaha: Vidokezo vya Kusoma Mchoro wa Mandhari

Aliyekulia Griftu, kaunti ya Wajir nchini Kenya, hujifunza kusoma nchi kabla hajashika kitabu: wingu limekaa upande gani, vumbi lile ni la gari au la mifugo. Ujuzi huohuo unakutosha mbele ya mchoro.

1. Anza na mbingu, na uulize ni mbingu ya nani. Katika hoteli moja ya chai nilikuta kalenda kuukuu yenye mchoro wa mashamba ya Ulaya, mawingu meusi yametanda. Mwalimu mgeni akasema picha ina majonzi. Mzee aliyeketi kando yake akashangaa: "Majonzi gani, mwalimu? Hapo mvua imefika!" Baada ya jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, hakuna rangi tamu kuliko weusi wa wingu la gu, msimu wa mvua unaofuata. Kinachotisha ni anga la samawati lisilo na doa. Kwa hiyo usiseme mchoro una huzuni kabla hujajua watu wa pale wanaomba nini.

2. Ukiweza, geuza mchoro nyuma. Mchoraji Mwingereza John Constable, alipochora mawingu huko Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma tarehe, saa na upepo. Mfugaji yeyote angemwelewa.

3. Angalia upeo umewekwa wapi. Ukishushwa, mbingu inatawala na mtu anakuwa punje. Ukipandishwa, ardhi inakujia hadi miguuni.

4. Pima vivuli. Kifupi ni adhuhuri, mifugo imepumzika. Kirefu ni saa ya kwenda malishoni au kurudi.

5. Sogea karibu na miti. Mgunga ulioliwa hadi pale shingo ya ngamia inapofika unakwambia nani kapita. Matawi yaliyokatwa kwa panga na kulazwa chini ni habari nyingine: nyasi zimekwisha, mtu anawakatia mbuzi majani. Mchoraji aliyeliona hilo amekaa pale, hakupita tu.

6. Uliza kwa nini nchi hii. Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa huko Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, akayaweka katika mandhari ya Murang'a yenyewe. Vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Waingereza vilikuwa bado kidonda kibichi. Mandhari ile, kwangu mimi, ndiyo inayobeba ujumbe mzima: haya yametokea kwetu.

7. Tafuta kisichosemwa. Tuseme umechorewa aqal, nyumba ya kuhamishika ya wafugaji wa Kisomali, iliyobaki fito, mikeka imevuliwa. Jamaa wanahama, au ndio kwanza wanafika? Ni picha ileile, lakini jibu la kwanza lina uchungu na la pili lina matumaini. Usikimbilie jibu. Mtazame ngamia: mzigo uko mgongoni, au umeshatuliwa?