SOMO LA KIKUNDI: WAGENI WA KASKAZI KATIKA HORI YA MIDA



Kila mwaka hori ya Mida, karibu na Watamu, hupokea wageni wasiolala hotelini. Ni ndege na kereng'ende. Mwisho wa somo hili kikundi chenu kiweze kuwatambua, kuwaandika katika daftari, na kuamua la kufanya ili waendelee kuja.

1. Ndege hawa wanatoka wapi?

Kuanzia Agosti na Septemba ndege wa matopeni hufika kutoka nchi za kaskazini, wengine mpaka Siberia huko Urusi. Wanakimbia baridi. Hapa wanakula kaa, minyoo na chaza wadogo hadi Aprili, halafu wanarudi kwao kuzaa. Wasiponenepa hapa, safari itawashinda.

Mmoja mumwangalie sana: ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyu huzaa katika fukwe na visiwa vya Uarabuni na Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Basi wakipungua, kuongezeka tena ni kazi ya miaka mingi.

2. Na kereng'ende?

Mvua za vuli zikianza, mtaona kereng'ende wa rangi ya manjano wakiruka kwa makundi juu ya viwanja na mashamba. Mwaka 2009 mtaalamu Charles Anderson, aliyewachunguza katika visiwa vya Maldives, alieleza kwamba wanatoka India na kuvuka Bahari ya Hindi wakibebwa na upepo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 14,000 hadi 18,000, lakini hakuna mmoja anayeimaliza yote. Ni safari ya vizazi: mama anataga, wana wanaendelea.

Mayai hutagwa katika madimbwi ya mvua. Watoto wake huishi majini na kula viluwiluwi vya mbu. Lakini tusidanganyane: mbu hukua haraka kuliko wao. Kwa hivyo chandarua ni lazima, na maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi karibu na nyumba yamwagwe.

3. Jinsi ya kutazama

- Nendeni maji yanapoanza kujaa. Matope yakifunikwa, ndege husogea karibu na ufuo.
- Simameni jua likiwa mgongoni. Msiwafukuze ili waruke. Kila wakiruka wanapoteza nguvu.
- Wakiwa wengi, hesabuni kumi, muone kumi wanachukua nafasi gani, kisha mpime kundi lote kwa makumi.
- Andikeni tarehe, saa, hali ya maji, upepo, aina na idadi. Daftari la miaka mitano ni ushahidi mkubwa kuliko maneno ya barazani.

4. Faida iko wapi?

Daraja la kuning'inia lililojengwa kati ya mikoko ya Mida limesaidia: ada za wageni zimelipia karo ya wanafunzi wa sekondari. Huko Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 umewapa wakulima mapato kwa kufuga vipepeo, bila kukata msitu wa Arabuko-Sokoke. Lakini kumbukeni 2020: ugonjwa wa Korona ulipofika, watalii walikatika. Kikundi kisiweke mayai yote katika kapu moja. Mizinga ya nyuki, kuku na bustani ziendelee.

Mkoko ukikatwa leo, boriti inauzwa mara moja. Ukibaki, unalinda ufuo, unalea samaki na kaa, na ndege wanarudi.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, nani anakata mikoko, na ana njia gani nyingine ya kulisha watoto wake? Tumsaidieje?
2. Ni madimbwi gani yanayomwagiwa oili chafu au dawa za shamba?
3. Nani atashika daftari, na nani atamsaidia akisafiri?

Msifunge mkutano kabla ya kuandika jibu la swali la tatu.