Kuku Aliyekoroma Bandani: Swali la Kumuuliza Muuzaji

Mnunuzi wa kuku wa nyama hukagua uzito, bei na usafi wa mahali pa kuuzia. Ni mara chache huuliza iwapo kuku huyo aliugua mafua, na kama aliugua, alipewa dawa gani na lini. Tunaeleza hapa kwa nini swali hilo linamhusu mlaji sawa na mfugaji.

Kuku wa nyama hufikia uzito wa kuuzwa kwa wiki tano hadi sita, akiishi na wenzake mamia, pengine maelfu, juu ya maranda yale yale. Maranda yakilowa kinyesi na maji hutoa amonia, hewa kali inayowasha macho na pua. Miezi ya baridi huzidisha hali hiyo, kwa kuwa mfugaji hushusha mapazia ya banda ili kutunza joto, na hewa chafu hubaki ndani. Amonia huharibu vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa, navyo vijidudu hupata mwanya. Tena kuku ana mifuko ya hewa inayoenea kifuani na tumboni, hivyo ugonjwa ulioanzia puani huweza kufika jirani na ini na moyo. Mfugaji husikia kwanza mkoromo wa usiku, kisha huona machozi na kamasi.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huletwa na virusi. Antibiotiki haziui virusi. Kinga yake ni chanjo na usafi wa banda. Mafua sugu huletwa na bakteria wa jamii ya maikoplazima, na mara nyingi bakteria wengine huingia nyuma yao. Hapo antibiotiki zina kazi, zikielekezwa na daktari wa mifugo. Lakini kwa sikio la mfugaji mikoromo yote hufanana, naye akihofia kupoteza banda zima huenda moja kwa moja duka la dawa na kutia alichouziwa katika maji ya kunywa.

Shida ya mlaji huanzia hapo. Baada ya dozi ya mwisho kuna siku ambazo kuku hapaswi kuchinjwa, ili mwili wake uitoe dawa. Idadi yake huandikwa kwenye kibandiko, nayo hutofautiana kwa kila dawa. Tuchukue mfano: kuku wa siku 30 wanaanza kukoroma, wanapewa dawa kwa siku tano, na kibandiko kinataka siku kumi za kungoja. Watakuwa tayari wakiwa na siku 45 hivi, ilhali mteja aliwataka siku ya 35. Kuku 500 wa umri huo hula zaidi ya mfuko mmoja na nusu wa kilo 50 kwa siku. Siku kumi ni zaidi ya mifuko 15. Hatumtetei anayeuza mapema. Tunataka msomaji aone kwamba kishawishi ni fedha, na kwamba mnunuzi anayekubali kungoja, au kulipa bei inayofidia kungoja huko, ana nguvu kuliko anavyodhani.

Je, moto wa jikoni hauondoi dawa? Nyama ikiiva hadi nyuzi 74 za Selsiasi ndani yake, vijidudu hufa, lakini dawa si kijidudu. Baadhi hupungua kwa joto. Nyingine, kama enrofloksasini, hustahimili, na sehemu inayotoka kwenye nyama ikichemshwa huingia katika supu. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika na mabaki yake. Zito zaidi ni usugu: bakteria waliozoea dawa bandani humfikia mtu kupitia nyama mbichi na mikono isiyonawiwa. Marekani iliondoa enrofloksasini katika ufugaji wa kuku mwaka 2005, baada ya usugu kuonekana kwa bakteria wa kampilobakta, wanaowaharisha watu. (Minong'ono ya kuku kudungwa homoni tunaisikia kila mara, ingawa ukuaji wao wa haraka unatokana na mbegu iliyoteuliwa vizazi kwa vizazi na chakula kizuri. Tungependa hofu hiyo ihamie kwenye dawa.)

Ukinunua kuku hai, mtazame kwa dakika moja. Anayehema kwa mdomo wazi hali yuko kivulini, anayekoroma au kutoa kamasi, mwache, hata bei ikishushwa. Akichinjwa mbele yako, omba kuona ini na moyo: utando mweupe au wa manjano juu yake ni alama ya maambukizi yaliyopenya mwilini, usimpokee. Mabaki ya dawa, kwa upande wao, hayaonekani wala hayanusiki, ndiyo maana huna budi kuuliza: "Walipewa dawa gani, mara ya mwisho lini, na kibandiko kinasema wangoje siku ngapi?" Mfugaji mwenye daftari atajibu papo hapo. Anayesema kuku wake hawaugui kamwe anastahili kuulizwa tena. Na ukikuta kuku wagonjwa wanauzwa, mjulishe afisa mifugo wa kata, ukitaja siku na mahali.