Kitu cha Mnyama Ndani ya Mwili wa Mutu

Siku ya kupima watoto, mukiwa mumekaa kwenye viti munangojea zamu, munazungumza mambo mengi, na sisi tunasikia. Habari moja inarudi kila mara: kwamba kule Marekani wanganga walitia moyo wa nguruwe ndani ya mutu. Wengine wanacheka. Wengine wanasema mutu yule ataanza kulia sawa nguruwe. Na wengine wanauliza: je, ni ruhusa?

Habari ni ya kweli. Tarehe 7 Januari 2022, katika muji wa Baltimore, David Bennett, mwenye miaka 57, alipewa moyo wa nguruwe. Aliishi miezi mbili, kisha akafariki. Zamani, mwaka wa 1984, mutoto muchanga wa California alipewa moyo wa nyani. Aliishi siku 20 hivi tu. Mwaka wa 2024, kule Boston, mutu alipewa figo ya nguruwe, naye akafariki karibu miezi mbili nyuma. Wengine walitumia figo ya namna hiyo kwa miezi mingi zaidi. Basi kazi hii ingali ya kujaribu. Hakuna mutu atakayemufanyia mutoto wako hivyo hapa Kavumu.

Je, mutu anageuka mnyama? Hapana. Moyo ni pompi ya kusukuma damu. Ukila nyama ya mbuzi, hauote pembe. Tangu mwaka wa 1922 wagonjwa wa sukari walipata dawa ya insulini iliyotoka kwa ngombe na nguruwe, na kwa miaka 60 hivi hakukuwa ingine. Dawa ya sumu ya nyoka inatoka katika damu ya farasi ao kondoo. Aliyeumwa na nyoka shambani, akapata dawa ile, anarudi nyumbani akiwa mutu yule yule.

Juu ya ruhusa: Waislamu, Waadventista na Wakimbangu hawakule nguruwe, na sisi tunawaheshimu. Lakini kukataza chakula si sawa na kukataza dawa. Walimu wengi wa Kiislamu wanakubali kama maisha iko hatarini na hakuna njia ingine. Na ule moyo wa nyani wa 1984 ulitiwa katika hospitali ya Waadventista! Uliza mwalimu wako wa dini mapema, kabla ya siku ya shida.

Kuna woga mungine ambao hatuucheke: ugonjwa wa mnyama kuingia kwa watu. Wamama wenye kuogopa hivyo si wajinga. Virusi vya SIDA vilitoka zamani kwa sokwe wa Afrika ya Kati, na mpox, iliyotusumbua hapa Kavumu mwaka wa 2024, nayo asili yake ni kwa wanyama. Katika mwili wa Bwana Bennett wanganga walikuta virusi vya nguruwe. Wataalamu wenyewe wanaogopa, na ni sababu moja waliacha nyani na sokwe wakachagua nguruwe, wakiwafuga mahali safi sana.

Sasa, juu ya nini tunawaeleza mambo ya mbali? Kwa sababu kuna kitu kidogo cha nguruwe kinachoweza kumuhusu mutoto wako. Moyo wa mutu uko na vilango vine vinavyofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Kilango kikiharibika, mutoto anapumua kwa shida, anachoka akipanda kilima, miguu inavimba. Tangu miaka ya 1960 wanganga wanaweza kuweka kilango cha nguruwe mahali pa kile kilichoharibika. Kinasafishwa na kulowekwa katika dawa, hakina uzima tena, kwa hiyo mwili haukipigani sana. Watu wengi duniani wanatembea nacho, na jirani zao hawajue.

Kuna pia kilango cha chuma. Kinadumu zaidi, lakini mwenye nacho sherti ameze dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na dawa ile inaweza kumuharibu mutoto tumboni. Ndiyo maana binti anayetaka kuzaa mara nyingi anapewa kile cha nguruwe ao cha ngombe. Nacho kwa kijana kinachakaa mapema, na sherti apasuliwe tena. Kazi yenyewe iko bei sana, na inafanyiwa mbali.

Kilango kinaharibika namna gani? Mara nyingi inaanza na koo. Mutoto wa miaka 5 mpaka 15 anaumwa koo, ana homa, anameza kwa shida, wala hana mafua. Nyumbani wanamupa chai ya moto na inapita. Kisha juma mbili ao tatu, goti linavimba, kesho ni kiwiko. Watu wanasema amelogwa, ao ni mifupa inakomaa. Kumbe moyo nao unaumwa.

Koo ya namna hiyo, mulete mutoto siku ile ile. Penisilini iko bei rahisi. Na yule ambaye viungo vyake vilishavimba anapewa shindano kila juma 3 ao 4, kwa miaka mingi, mara nyingi mpaka amekuwa mutu mukubwa. Wamama wengi wanaacha mwezi wa tatu, kwa sababu mutoto anacheza muzuri na shindano inauma. Mwenye karatasi yenye tarehe iliyopita, aje kesho asubuhi. Hatutamugombeza.