Mate na Wanga

Mtu akitafuna muhogo uliopikwa, asiumeze upesi, mwisho huona utamu kinywani. Utamu huo watoka wapi, naye hakutia sukari?

Muhogo umejaa wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi zilizoungwa moja baada ya moja, na mnyororo wenyewe hauna utamu. Lakini katika mate mna kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho huukata vipande vidogo vya sukari, hasa maltosi. Huo ndio utamu wenyewe.

Hukikamataje kitu chake? Mwaka 1894 Emil Fischer, mtaalamu wa Ujerumani, alisema kwamba hupatana kama kufuli na ufunguo. Mwaka 1958 Daniel Koshland wa Marekani aliongeza kwamba kimeng'enya hujigeuza kidogo kinapokipokea kitu hicho, kama soksi ifuatavyo umbo la mguu.

Amilesi ina bonde, na wanga hulala humo, umeshikwa na vifungo vya haidrojeni. Kila kifungo ni dhaifu. Lakini vikiwa vingi hushika, kama nyuzi za kamba.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, mbona havikuwa vifungo vya nguvu?" Nikamjibu, "Fundi akijishona kidole pamoja na nguo, nguo ya pili ataishona lini?" Amilesi hushika, hukata, huachia, kisha hushika tena. Kama vifungo vingekuwa vya nguvu mno, isingeachia, na kazi ingekoma.

Sasa jaribuni wenyewe. Pikeni uji mwembamba sana wa unga wa muhogo, uacheni upoe, mwugawe katika vikombe viwili. Katika cha kwanza tieni mate. Katika cha pili tieni mate yaliyochemshwa na kupoa. Koroga, mngoje nusu saa, kisha tieni tone la iodini katika kila kikombe. Msiunywe uji huo. Penye wanga patakuwa buluu iliyokoza. Kikombe cha pili kitageuka hivyo; cha kwanza hakitageuka, au kitageuka kidogo tu.

Sababu ni hii: umbo la amilesi nalo hushikwa na vifungo dhaifu vingi. Moto huvifungua, bonde huharibika, na wanga haupati mahali pa kulala.

Maswali
1. Kwa nini muhogo huwa mtamu ukitafunwa sana?
2. Udhaifu wa vifungo wafaa nini?
3. Mate yaliyochemshwa yamepoteza nini?