Damu iko sawa, mbona nachoka hivi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 31. Mwaka juzi nilipigwa kamera nikaambiwa nina vidonda sugu vya utumbo mpana. Dawa natumia, ila kuna siku bado naona damu chooni. Kinachonitesa sasa ni uchovu: nikirudi kazini nalala na viatu. Nalia ovyo, sitaki kuongea na mtu. Nimepima wingi wa damu, ni 12.2, wakasema niko sawa. Mume wangu anasema ni mawazo, wifi anasema ni uvivu. Na siku hizi natafuna udongo kama mjamzito, wakati sina mimba. Je, nimeanza kuchanganyikiwa?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujachanganyikiwa, na uvivu haupo hapo. Huo udongo ndio ulionishtua. Hamu ya kutafuna udongo au barafu mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma. Mwambie daktari wako bila haya.

Wingi wa damu hauonyeshi akiba ya chuma. Mtu huweza kuendelea kusonga ugali wa kila siku huku ghalani pamebaki vumbi. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo cha ferritini. Kiombe, pamoja na CRP, kipimo kinachoonyesha kama mwilini kuna uvimbe. Viwili hivyo visomwe pamoja, kwa sababu utumbo ukichachamaa ferritini hupanda yenyewe. Utumbo ukiwa umetulia, chini ya mikrogramu 30 kwa lita ni upungufu. Ukiwa umechachamaa, hata 90 inaweza kuficha ghala tupu. Ukiambiwa tena “uko sawa”, uliza ni sawa kwa kipimo kipi.

Ubongo nao unahitaji chuma ili utengeneze dopamini na serotonini, kemikali zinazogusa hamu na hisia zetu. Ndiyo maana mtu huweza kuchoka na kupoteza umakini hata kabla wingi wa damu haujashuka. Lakini sitaki kila chozi ulibebeshe chuma. Kuishi na ugonjwa huu kunaumiza moyo: hofu ya kubanwa na haja ndani ya daladala, usingizi wa kukatika, aibu usiyoweza kumsimulia mtu. Dawa ya prednisoloni pia huweza kuvuruga hisia. Kama unaitumia sema, ila usiiache ghafla. Sonona ina matibabu yake, hata ferritini ikiwa nzuri. Omba uangaliwe yote mawili.

Usijinunulie vidonge vya kuongeza damu. Uvimbe ukiwepo, ini hutoa homoni ya hepsidini inayozuia chuma kufyonzwa, na vidonge huweza kukuchafua tumbo bure. Wagonjwa wa namna yako mara nyingi huwekewa chuma kwa dripu. Juisi ya rozela kunywa ukiipenda, ila wekundu wake haurudishi damu unayopoteza. Kuona damu chooni kunaonyesha kwamba vidonda havijadhibitiwa, kwa hiyo dawa yako iangaliwe upya. Udongo uache, huweza kuwa na minyoo na hata madini ya risasi.

Mumeo aende nawe kliniki, asikie mwenyewe kwa daktari. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki: mwamshe usiku huohuo, mwende hospitali.