Mbao gani zizunguke mboga zako?

Mwezi wa saba ndio wa kuinua matuta. Mvua zikisharudi, miteremko ya Butembo haina huruma: lengalenga uliyopanda juu utaikuta kwa jirani wa bondeni, pamoja na udongo wake. Kuzungushia tuta mbao kunasaidia sana, mradi ujue ni mbao gani.

Mti tulio nao kila kilima ni mkaratusi, nao unatosha. Tazama ubao ulipopasuliwa: sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na ganda ni chakula cha mchwa, kiini chekundu ndicho kinachostahimili. Mwambie mpasuaji akupe kiini cha mti uliokomaa, unene wa sentimita 4 au 5. Zikaushe kivulini, ukiacha nafasi kati ya ubao na ubao, maana mkaratusi mbichi hupinda na kupasuka. Siku ya kuziweka, zilaze juu ya mawe, zisilale kwenye udongo. Mvule wa upande wa Beni unadumu zaidi, lakini siwezi kumshauri mtu auzike chini ya kabichi. Msitu umeshatoa vya kutosha.

Ninachokiogopa kuliko kuoza ni sumu. Wengi hupaka mbao mafuta machafu ya injini ili kufukuza mchwa. Mama zangu, acheni! Mafuta hayo yana kemikali zinazoweza kuleta kansa, na mvua inayashusha mpaka kwenye mizizi ya karoti. Vipande vya nguzo za umeme vyenye rangi ya kijani navyo viacheni: mara nyingi vimenyweshwa shaba, kromu na aseniki. Marekani watengenezaji waliacha kutia dawa hiyo kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwisho wa 2003. Msivichome hata jikoni, kwa sababu aseniki hubaki kwenye majivu, na majivu yetu tunayamwaga bustanini.

Paleti zinazoingia na bidhaa kupitia Kasindi, soma kwanza muhuri wake. HT maana yake zimetibiwa kwa joto. Chukua, kama hazina madoa. MB zimefukizwa kwa gesi ya sumu, zirudishe.

Na kama kwako mchwa wamezidi, achana na mbao kabisa. Omba matofali yaliyovunjika kwenye tanuru, uyapange safu mbili. Upana wa tuta usipite mita 1, mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo.