Maelezo ya Programu: Tuyabane au Tuyaache?

Leo nawaletea somo fupi la tarakilishi.

Programu husafirishwa ndani ya kifurushi. Mle mna programu yenyewe pamoja na maelezo ya kuitumia. Je, maelezo hayo yabanwe?

Kubana ni kupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza hata herufi moja. Kibanaji kiitwacho gzip, kilichotolewa mwaka wa 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler, hutafuta maneno yanayojirudia. Neno likitokea tena haliandikwi upya. Huwekwa alama tu ya kuonyesha lilipotokea hapo awali. Ndiyo sababu maandishi hubanika sana, ilhali picha za JPEG, ambazo zimekwisha kubanwa, hazipungui sana.

Faida ni nafasi. Haba na haba hujaza kibaba: kompyuta moja huweza kuwa na mamia ya vifurushi.

Hasara nayo? Hebu fikiria mwanafunzi asiye na intaneti. Akifungua faili iliyobanwa kwa programu ya kawaida ya kuandikia, huenda akaona herufi za ajabu ajabu, akadhani imeharibika. Maelezo yapo, lakini kwake ni kama hayapo!

Mradi wa Debian, ulioanza mwaka wa 1993, hufuata njia ya kati. Kurasa za mwongozo hubanwa, maana amri ya man huzifungua yenyewe. Maelezo mengine hubanwa yakizidi kilobaiti 4. Diski nyingi hugawa nafasi kwa vipande vya kilobaiti 4, kwa hivyo faili ndogo hata ikibanwa bado itachukua kipande kizima. Kurasa za HTML huachwa, nayo faili ya hakimiliki ni marufuku kuibana.

Kwa maoni yangu, tusiulize tu, "Tutaokoa nafasi ngapi?" Tuulize pia, "Nani atasoma, na kwa chombo gani?" Faili ambayo anayeanza husoma kwanza iachwe wazi, hata ikiwa kubwa. Zilizobaki zibanwe, almuradi tufundishwe amri ya zless ya kuzisomea. Akiba isiyomfaa msomaji si akiba.

Zoezi:
1. Kwa nini maandishi hubanika kuliko picha za JPEG?
2. Faili ya kilobaiti 3 ina haja ya kubanwa? Eleza.